Mama Kavunjika Nyonga, na Fremu Yake Nimeificha Mimi

Mshauri wangu, shikamoo, nisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia haya na wewe angalau hunijui sura. Mimi ni fundi wa mapazia, nashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, naishi na mama yangu mzazi ambaye ameshapita miaka themanini, zamani alikuwa matroni wa bweni la wasichana na mpaka leo mtaa mzima unamwita Matroni kwa sababu ya ile sauti yake. Mwezi uliopita aliteleza bafuni, sakafu ilikuwa na sabuni, na hiyo sabuni niliimwaga mimi nikifua, nikasikia kishindo, nikakimbia, nikamkuta chini, mguu umegeukia nje na umekuwa mfupi kuliko mwenzake, ananiambia, "Usipige kelele, majirani watafikiri nimekufa."

Nyonga ilikuwa imevunjika, wakampasua, wakaweka chuma, na kwa kweli upasuaji ulikwenda vizuri, mdogo wangu ambaye ni mwalimu wa chekechea akapiga vigelegele palepale wodini mpaka manesi wakamnyamazisha. Kumbe tulifurahi mapema. Siku ya kuruhusiwa daktari akaniita pembeni kwenye korido, mimi peke yangu, akaniambia nisione upasuaji umepita nikadhani hatari imekwisha, kwamba wazee wa umri wa mama wakivunjika nyonga si wachache wanaofariki kabla mwaka haujaisha, wengine moyo, wengine mapafu, wengine damu inaganda. Akaendelea na mengine ya mazoezi sijui nini, lakini Mshauri, masikio yangu yalikuwa yameziba, naona tu midomo inacheza, naitikia "sawa daktari, sawa daktari" mpaka akaondoka.

Tangu hapo sina raha. Kitanda cha mama nimekileta karibu na cherehani ili nimwone, akifumba macho nasimamisha mashine nisikilize kama anapumua, akikohoa moyo unanilipuka. Simruhusu kushuka kitandani hata kidogo, namlisha kwa kijiko, haja namsogezea beseni, na ile fremu ya chuma ya kutembelea waliyotupa hospitali nimeificha nyuma ya majora ya vitambaa, kwa sababu mama akiiona atainuka, akiinuka ataanguka, na akianguka tena ndiyo basi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja nikamwambia mama amelala, akarudi nikamwambia amelala, na huku mama anaita kutoka ndani, "Nani huyo?" Mdogo wangu aliponiambia, "Dada, unamlaza mama kama maiti," niligombana naye na sasa hatuongei. Mama mwenyewe zamani angenikemea mpaka nikatafuta pa kujificha, sasa ananyamaza tu, kila ninachomwambia anafanya, na huo ukimya ndio unaonitisha zaidi. Na tangu juzi shavu la ule mguu uliopasuliwa limeanza kuvimba, gumu na la moto, anasema linauma, namkanda kwa mafuta asubuhi na jioni.

Sasa naomba uniambie, nimwambie mama alichosema daktari ili ajiandae, au nibaki nalo moyoni? Naogopa nikimwambia atakata tamaa, afe kwa maneno yangu. Namba yangu ya simu nimeiandika hapo chini.

Fundi wa mapazia

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nilikuwa naisoma huku nakunywa chai, nilipofika kwenye shavu la mguu nikaweka kikombe chini. Barua za hapa hungoja zamu, yako haikungoja. Nikapiga simu, akapokea Matroni mwenyewe, maana wewe ulikuwa umetoka kununua uzi na simu umeiacha karibu na kitanda. Nikamwambia kwamba mguu mmoja ukivimba hivyo baada ya upasuaji, huenda damu imeganda humo, haukandwi, unapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Akampigia mdogo wako. Uliporudi ukakuta teksi mlangoni, na maneno uliyonisema nimesimuliwa yote, haidhuru. Damu ilikuwa imeganda kweli. Sasa anatumia dawa na yuko nyumbani, na haya nayaandika kwa idhini yake.

Sasa nikuseme. Daktari alikwambia mambo mawili, wewe ukasikia moja. Alikutajia hatari, kisha akakutajia cha kufanya, na hicho ndicho ulichokiitikia "sawa daktari" bila kukisikia. Mzee akilazwa siku nenda siku rudi, kifua kinajaa, damu inaganda, ngozi inatoka vidonda, misuli inakwisha, hata chakula hakitaki tena. Ulikuwa unamkinga na kifo kwa kufanya yaleyale yanayokileta. Halafu mtu wa mazoezi unamfukuza mlangoni kama mwizi! Loo! Mwanamke aliyeamsha bweni zima kila alfajiri, leo unamtia uji mdomoni na mikono anayo?

Najua ni mapenzi, na najua ni ile sabuni. Mwambie ya sabuni leo hii, umwombe radhi, yaishe. Kwa kosa unajilaumu wewe, lakini kifungo anakitumikia yeye.

Fremu itoke huko nyuma ya vitambaa. Mtaalamu wa mazoezi mpigie umwombe msamaha, arudi, na akisema mama asimame, asimame, wewe kaa kando yake usimng'ang'anie. Chakula ale amekaa kwenye kiti, kwa mkono wake. Dawa zake asiruke hata moja. Bafuni weka mkeka wa mpira usioteleza na chuma cha kushikilia ukutani, na nguo kafulie uani. Akianza kuhema, kifua kikimuuma, akichanganyikiwa ghafla, au mguu ukivimba tena, kimbieni hospitali, usikae chini kuniandikia mimi. Na mdogo wako kamtafute, yeye ndiye aliyeona sawasawa. Siahidi kwamba mwaka utaisha mama akiwepo, hakuna anayeweza kukuahidi hilo, ila sasa atapata nafasi yake.

Umeniuliza umwambie au usimwambie. Fundi, anajua. Daktari alimwambia yeye kabla hajampasua, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa anakuficha wewe. Nilimuuliza kwenye simu mbona amekubali kulala tu, akasema, "Nikijaribu kuinuka binti yangu anatetemeka. Basi nalala, apate kushona." Halafu akasema maneno mengine aliyotaka niyaandike kama yalivyo: "Na mimi naogopa. Kuanguka tena naogopa, kufa naogopa. Lakini humu ndani nimwambie nani? Nikisema naogopa, huyu atatangulia yeye."

Kwa hiyo kesho, kabla hujampa hiyo fremu, zima cherehani, vuta kiti, umuulize mama yako anaogopa nini. Ukishauliza, funga mdomo mpaka amalize.