Trei Mia Mbili za Chokaa

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe, shemeji na wale watundu wako. Hujambo? Mgongo bado unakusumbua kwa kupiga pasi huko kwa dobi? Mimi sijambo, nadunda. Tena kaa kitako kabla hujaendelea: nyota ya mdogo wako inang'aa! Nimepandishwa cheo. Mimi ndiye msimamizi wa trei zote za kiwanda, nikikohoa tu watu wanasimama wima.

Uliniuliza tunatengeneza nini. Dada, tunasafisha hewa ya dunia nzima! Ile hewa ya moshi wa magari na viwanda, inayoitia dunia joto, tunainasa kwa chokaa. Unaitandaza kwenye trei, inakunywa ile hewa siku kadhaa mpaka inakuwa kama chaki. Halafu inaingia kwenye tanuri, inaitapika, nayo hewa inazikwa chini kabisa kwenye miamba. Chokaa inarudi kazini. Profesa gani angekueleza ukaelewa hivyo?

Sasa mimi, fundi plasta wa miaka kumi na moja, nifundishwe chokaa na nani? Chokaa ikipigwa na hewa inakufa, kila fundi anajua. Nilipokabidhiwa zamu nikakuta trei mia mbili ziko wazi, nikazionea huruma. Nikazifunika zote kwa nailoni, nikakandamiza kingo kwa mawe. Zilipendeza! Siku ya tano mkemia, mama mmoja mpole, akafunua, akapima, akakuta chokaa ni mbichi vilevile. Akaniuliza itakunywaje hewa na mimi nimeiziba mdomo. Nikamwambia nimeitunza. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, eti mimi Mama Kuku, naatamia chokaa. Yeye hakucheka. Alisema tanuri litakaa baridi wiki nzima kwa ajili ya mtu asiyejua kuuliza.

Barua yako nimeipata jana, kwamba Ijumaa unaacha kazi kwa dobi uje kwenye ile nafasi niliyokuahidi. Nimeisoma mara nne. Watu wote hunisikiliza ili wacheke. Kumbe wewe huwa unaniamini. Hii nampa dereva wa lori leo hii ikuwahi. Usiache kazi, dada yangu. Nakuomba.

Nibusie watoto, na shemeji mwambie nampenda hata akininunia.

Nafasi hakuna. Cheo hakuna. Walinifukuza Jumatatu.

Mdogo wako,
Mdomo Mkubwa