Jina la Bibi Siyo Siri

Apolonia,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Mbuzi usimfungue, atamaliza mahindi ya watu.

Nimekwenda Korogwe kwa Shirin wa steshenari, anisaidie kupiga simu chuoni kabla nafasi yako haijapewa mwingine. ~~Umeniudhi sana.~~ Aliyeniudhi ni huyo aliyeingia kwenye barua pepe yako akabadilisha neno la siri. Kaulizwa swali moja tu, bibi yako anaitwa nani! Mjukuu wangu, kwetu mjukuu wa kwanza wa kike hupewa jina la bibi yake. Ukishajiita Apolonia umeshamjibia. Hata muuza mkaa angefungua.

Ukirudishiwa, andika bibi wa uongo, nimekuruhusu. Na mimi usiniambie umemwita nani.

Bibi yako