Harelimana Sudi, Aliyetaka Vyama Vikae Jukwaa Moja

Papa, mwaka umetimia tangu ulipoletwa nyumbani ukiwa umebebwa mgongoni, na bado mlango ukigongwa tunatazamana kwanza kabla ya mmoja wetu kuinuka.

Ulikuwa fundi cherehani hapa Kamembe. Ukiulizwa neno zito, ulitoa kwanza pini mdomoni, moja moja, ndipo ujibu. Yatima wa mtaa uliwashonea nguo za Idi kabla ya sisi wanao, nasi tulinuna, ukatucheka.

Vyama vingi viliporudi, ulishona kofia za vyama vyote. Wengine walikuita kinyonga. Mwaka juzi mawaziri wa upinzani walipoingia serikali moja na wa chama kikongwe kilichokuwa kikitawala peke yake, ulifurahi kama mtu aliyeozesha binti. Ulituambia, "Bakubwa banakaa meza moja kule Kigali. Sasa huku mulimani, juu ya nini batoto babo banapigana fimbo?"

Maana vijana wa vyama walikuwa wakivamia nyumba kulazimisha watu wabadili kadi, wakiita kubohoza, yaani kukomboa. Wewe, mtu wa upinzani, ulimwendea mwalimu Nzabonimpa wa chama kikongwe, mkapatana kufanya mikutano pamoja: jukwaa moja, kila chama kiseme kwa zamu, fimbo zibaki nyumbani. Mlitaka pia viti vya serikali ya mseto visigawanywe na viongozi mjini kama nyama ya sadaka, bali watu wa kila komini, wilaya kwa wilaya, wachague nani awasemee. Mikutano ya Kamembe ilikwenda salama. Watu walibishana, wakacheka, wakarudi makwao.

Mkutano uliofuata ulikuwa Nyakabuye. Maman alikushika mkono. "Papa Feza, usiende. Batu banakusema vibaya."

Ukamjibu, "Nikibaki, batasema Nzabonimpa ni muongo."

Njiani vijana walisimamisha minibasi yenu. "Uko wa chama gani?" Mwalimu alitusimulia kwamba uliwaonyesha kadi yako waziwazi, ukasema, "Huyu niko naye ni wa chama chenu. Tunaenda pamoja." Hilo ndilo lililowachoma. Walikupiga wewe, yeye wakamshikilia ili atazame. Walipoondoka alikubeba hadi akapata gari, kisha akakubeba tena hadi kwetu. Hukuiona kesho yake. Uliomba maji tu, ukauliza kama Nzabonimpa amekula.

Siku ya maziko chama chako kilileta bendera ya kukufunika. Maman akaisukuma. "Hii ndiyo ilimuua. Mumuache alale."

Mmoja wa wale vijana tunamjua, Papa. Unamjua pia, ulimshonea sare ya shule. Hupita mbele ya nyumba akatusalimia, nasi tunaitikia. Cherehani yako tumeifunika kitambaa, lakini mchana, nyumba ikiwa kimya, Maman husema anasikia pedali. Tunamwambia ni mvua. Tunamwambia hivyo hata jua likiwaka.

Hii ni Ramadhani ya pili bila wewe. Serikali ya vyama vyote iliyokubaliwa Arusha haijaapishwa. Redio inasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika inasema hivyo hivyo. Chama chako kimepasuka vipande viwili, na kila kipande kinakutaja mikutanoni kuwa shujaa wake. Mwalimu ameacha siasa. Huja akakaa uani, akainuka, akaenda.

Buhendwa, mume wa mama mdogo Nzigire, alikuwa akituita Bukavu, ng'ambo ya mto, mpaka mambo yatulie. Maman alikataa kwa sababu yako, asikuache peke yako hapa. Juzi alikubali. Jana alifunga magodoro.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mukarugwiza Zaina. Wanao Feza, Yusufu na Hawa. Dada yako Nyirabagenzi wa Nzahaha. Buhendwa na Nzigire. Na mwalimu Nzabonimpa, aliyetaka jina lake liandikwe hapa ingawa tulimwonya.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Ukikosa kusikia sauti zetu kaburini, usidhani tumekusahau. Tumevuka mto tu, Papa, na hata huko ng'ambo utakuwa nasi siku zote.

Kamembe, Februari 1994