Jina la Baba Chini ya Picha

Mama, uko salama hapo Dallas? Hapa Nkubu kuna manyunyu na baridi, nami siwezi kutulia. Nilikuja kununua kile kitabu kipya cha historia ya mabasi ya zamani ya Embu na Meru. Kumbe ndani kuna picha ya Baba akiwa kwenye usukani, lakini chini wameandika jina la dereva mwingine! Nilimwendea mwandishi, aliyekuwa papo hapo akiuza nakala zake.

“Huyu ni baba yangu.”

Akaitazama picha, akanitazama. “Pua ni hiyo hiyo. Pole sana, dada.”

Akanipa kalamu. Tangu asubuhi nasahihisha nakala zote zilizobaki. Yako, ninayokutumia na barua hii, sijaigusa, Mama. Jina lake utaliandika mwenyewe. Mungu akutunze.

Karimi wako