Makaa Chini ya Gari la Mkwe Wangu

KITUO CHA POLISI KHAR-BULAG, MKOA WA ZAVKHAN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Khandsuren, mjane. Umri: miaka 71. Kazi: mfugaji. Makazi: Bonde la Khar-Bulag, kambi ya majira ya baridi.

Kwanza andika hili, Afande Purev, na usinikunjie uso: mmemfunga mtu asiye na kosa, na aliyelitenda mmemkaribisha kiti. Mngeuliza jana, mngejua jana.

Mnamo tarehe 14 Januari 2019, saa moja asubuhi, binti yangu Dulmaa alishikwa na uchungu wa kuzaa, wiki tatu kabla ya siku zake. Mumewe, Sodnom, alikuwa mlimani akitafuta farasi wetu waliopotea. Gari lake jipya lilikuwa nje ya hema. Baridi ilikuwa kali, mate yanaganda kabla ya kufika chini.

Dulmaa alibonyeza kitufe cha kuliwasha. Taa zikawaka kama sherehe, injini kimya. Nikamwita jirani yangu Lodoi, aliyeendesha magari kwa miaka arobaini. Gari lake, jipu kuukuu, lilikuwa halitembei, rejeta ameitoa tangu juzi, iko chini.

Lodoi alifungua boneti ya gari la Sodnom. Akakuta kifuniko cha plastiki, na chini yake kingine. Betri hakuiona.

Akasema, "Dada, hili limeshonwa kama maiti. Sijui pa kushika."

Nikamwambia, "Acha kulia. Leta karai la makaa, weka chini ya sampo, bakuli la mafuta ya injini, mafuta yayeyuke. Tangu lini sisi tunawasha gari wakati wa baridi bila makaa?"

"Tumbo la hili silijui, dada."

"Tumbo ni tumbo, Lodoi! Mtoto anakuja! Weka!"

Akaweka. Makaa ya samadi kavu, kutoka jiko langu, nimeyachota kwa mkono wangu. Hatukujua kwamba hata chini wameliziba kwa plastiki. Saa mbili na robo plastiki ilianza kudondoka huku inawaka. Lodoi alilala kifudifudi akitupia theluji kwa mikono mitupu. Vidole vyake mmeviona. Upande wa mbele uliungua wote.

Hakukaa kuomboleza. Alirudisha rejeta ya jipu lake kwa bisbisi moja na koleo. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka, akakata ngozi ya shingo ya buti lake, akauviringisha, akaukaza kwa waya. Makaa mengine ya jiko lilelile akayaweka chini ya sampo ya jipu, ambayo ni chuma kitupu na inaonekana. Akazungusha injini kwa mkono wa chuma, likanguruma. Kazi yote dakika arobaini, kisha safari ya saa mbili. Saa tano na dakika kumi tulikuwa hospitali. Saa sita kasoro Dulmaa alijifungua msichana. Daktari alisema tungechelewa kidogo, angewapoteza wote wawili.

Sodnom amewaambia kwamba Lodoi alichoma gari kwa wivu, kwa kuwa wakati wa vuli alilicheka. Ni kweli alilicheka. Alimwambia, "Mkwe, umenunua mgonjwa asiyekubali kushikwa." Sodnom akajibu, "Mzee, dunia imekuacha." Mimi nilikuwepo, namimina chai. Utani huo. Nani amewahi kuchoma mali ya mtu kwa utani?

Umeniuliza kwa nini Lodoi alikwambia "ni mimi niliyeweka" kisha akanyamaza. Ananificha mimi. Mjinga mwenye heshima. Aliyeamuru ni mimi, na kwa nilivyojua asubuhi ile, ningeamuru tena. Shtaki mimi. Ukimaliza, mtafute aliyefunika chuma kwa plastiki katika nchi inayowasha magari kwa moto, umuulize alitaka tuzalie wapi.

Nimesomewa haya yote, ni maneno yangu, sipunguzi hata moja.

Dole gumba la kulia: Khandsuren

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa na kusomwa kwa shahidi tarehe 16 Januari 2019, saa nne asubuhi, nami Konstebo Purev. Nilimshauri afute sentensi kuhusu aliyefunika chuma kwa plastiki kabla ya kuweka dole, amekataa. Amekataa pia kuondoka kituoni. Amesisitiza niandike kama alivyosema: "Chukua funguo, mfungulie Lodoi sasa hivi, kisha mwite Sodnom aje amshike mkono mbele yangu."