Mama mkwe anasikia akianguka kabla hajaanguka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo mama mkwe wangu amewaita ndugu zake wote hapa Gilgil awagawie shamba lake la Subukia akidhani anakufa, na ukweli ni kwamba hafi, ni TV.

Mimi ni mume wa Wariara, na mama yake alikuja kuishi nasi Januari mwaka huu wa 2008 wakati wa zile fujo za uchaguzi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitoka nje nikatoa gemu ya zamani niliyoletewa na kaka yangu kutoka Amerika, ile ya mtu mdogo anayeruka mashimo, na ingawa najua mtu na mama mkwe wake hawafai kubanana kwenye kiti kimoja wakishindana, mama aliipenda, akanishinda kila siku hadi Mei, hata mbele ya wageni, na kila akinishinda ananipa pole.

Mwezi wa sita nikanunua flat screen, picha ikakataa kutulia, inapanda juu inarudi chini, nikaenda Nakuru kwa Rajinder anayeuza vifaa vya umeme, akanipa kisanduku cha kukuza picha na kunionya, "Boss, hiki kinafikiria kwanza ndipo kionyeshe. Sauti usiipitishe kando." Mimi nikaipitisha kando, kwenye redio kubwa, ili isikike vizuri, na sasa picha imetulia lakini inachelewa, ukibonyeza mtu anaruka baadaye, na sauti ya kuanguka inafika kabla hajaanguka.

Mimi nilizoea, nabonyeza mapema, nikaanza kushinda. Mama hakuzoea. Siku moja aliweka chini kidude cha kuchezea akaniambia kwa upole, "Mwaura, masikio yangu yametangulia. Macho yatafuata." Sikumwambia kwamba ni TV. Ameenda hospitali mara mbili, daktari haoni kitu, ameanza kugawa leso zake, na jana nilimshinda mara kumi na moja, mshauri, na nilifurahi. Nifanye nini?

Mwaura, Gilgil

Mwaura, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Nakuonea huruma, kwa sababu mwanamume kupewa pole miezi mitano sebuleni kwake si jambo dogo. Huruma imeishia hapo.

Nilipiga namba uliyoandika, akapokea mama. Siri yako sikuitoa. Nilimjulia hali tu. Akasema yuko sawa, anajiandaa, na kwamba mkwe wake siku hizi anacheza vizuri sana, anashukuru atamwacha akiwa ameiva. Niliaga nikakaa chini.

Sasa sikiza. Fundi Kosgei, jirani yangu, anasema gemu za Amerika hutuma picha sitini kwa sekunde, na TV za huku nyingi zimewekwa kungoja hamsini, ndiyo maana yako ilikuwa inapandapanda. Ingia kwenye menyu ya TV, toa PAL, ambayo ndiyo ya hamsini, weka NTSC, ya sitini, ujaribu bila kisanduku. Ikikataa, rudisha kisanduku lakini sauti na picha zipite njia moja, halafu kwenye menyu hiyo hiyo washa sehemu ya gemu, TV ipunguze kufikiria. Kama ile TV ya zamani bado mnayo, hiyo ndiyo dawa kamili. Na Rajinder usimtaje, alikuambia.

Leo, si Jumamosi, mwambie Wariara. Halafu mwambie mama, Wariara akiwa hapo, na hizo mara kumi na moja uzitaje zote.

Jumapili wageni usiwazuie. Wapikie, kisha mama aketi mbele yao na kidude chake, abonyeze, na yule mtu mdogo wa gemu aruke hapo hapo wote wakiona. Akitaka kugawa shamba baada ya hapo, ni lake na atajua mwenyewe. Wewe utakuwa jikoni ukiosha vikombe.