Nyumba Yetu Imenyamaza

Habba Kadal,
Srinagar.
28 Desemba 2013.

Mpendwa Ashwini,

Hujambo mwanangu? Mkeo Nirja naye, kifua chake kimepona? Mimi mzima isipokuwa magoti, ila moyo haujatulia, na sababu ni nyumba hii ya baba yako.

Zile hatua za darini unazijua. Bibi yetu alisema ni za pepo mlinzi wa nyumba, yule tunayempandishia wali na samaki kila majira ya baridi. Mwalimu aliyewahi kupanga hapa hakungoja maelezo: alitoka mbio mchana kweupe, povu la kunyolea likiwa bado shavuni, na godoro lake tukalirithi. Hata siku ya lile tetemeko kubwa hatua zilikwenda huku na huko darini, lakini halikuanguka hata tofali moja. Nyumba ya saruji ya jirani ilipasuka ukuta.

Sasa nina la kuungama. Fundi uliyemtuma kutengeneza paa, mimi ndiye niliyemwambia apige lipu ya saruji kuta zote za chini, afunike nguzo na boriti. Nilikuambia ni kwa ajili ya panya. Nilidanganya. Tangu baba yako afariki niko peke yangu, na hatua zile zilikuwa zinanitisha, nikataka zikome.

Zikakoma, nikafurahi. Jumamosi iliyopita nikapika samaki kwa figili, nikapandisha sahani, nikakaa ngazini kusikiliza. Hata ubao mmoja haukulia. Ashwini, nimeishi na hatua zile maisha yangu yote, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile.

Nikamwita Gul Muhammad, seremala wetu. Alibandua saruji kidogo chini ya ngazi, akabonyeza nguzo kwa kidole gumba, kidole kikazama. Nikamuuliza, kwa utani wa kujipa moyo, mlinzi wetu kahamia wapi.

"Dada, ya mlinzi mimi siyajui," akasema. "Nyumba hizi zinasimama kwa sababu zinacheza. Ardhi ikitikisika, mbao nazo zinasogea. Hii mmeifunga miguu, na unyevu mmeufungia ndani. Siku ikitikiswa tena, inalala chini. Usikae humu."

Anasema tukianza sasa kubandua saruji na kubadilisha nguzo nne, itapona. Lakini hati ni zako, na najua yule mnunuzi anayekuja Machi anataka kuivunja. Labda ukisoma haya utaona afadhali aivunje.

Tangu Jumatatu nimehamia kwa Gul Muhammad na mkewe. Kila asubuhi narudi, nasimama mlangoni, siingii.

Usinijibu kwa simu. Njoo. Ukiamua ivunjwe sitabisha, ila uniambie tukiwa sote mbele yake, maana aliyeiua ni mimi, na nimeshindwa kuitazama peke yangu.

Nisalimie Nirja na binti yenu Shalini. Mwambie Shalini soksi zake bado nazifuma. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,
Dulari.